Kliniki ya TB hapa Dodoma: dozi ni bure na huduma safi, kazi ipo kwenye kuthibitisha kwamba umepona

Habari zenu wana Dodoma. Natoa maoni yangu kuhusu kliniki ya TB aliyotibiwa mdogo wangu, na naandika hasa kwa ajili ya wale waliomaliza dozi alafu mtu fulani, iwe bosi, mwenye nyumba, mchumba au chuo, anawaambia leteni uthibitisho kwamba mmepona. Kituo sikitaji jina kwa sababu mdogo wangu ameniomba hivyo, mji umekua lakini bado ukitaja kituo na ukataja kazi yake watu wa mtaani wanamjua hapo hapo. Ni kituo cha serikali cha hapa mjini, na mengi nitakayosema utayakuta kliniki yoyote ya TB maana wanafata mwongozo mmoja wa taifa. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata nitaeleza nimeikatia wapi.

Nianze na matibabu yenyewe maana hapo sina la kuwadai. Dawa za TB ni bure, kupima makohozi bure, hakuna mtu aliyetuomba hata mia. Kliniki iko nyuma ya majengo mengine na benchi za kusubiria ziko barazani, nje kabisa, ukifika mara ya kwanza unaweza kuona kama wagonjwa wametengwa ila sababu ni hewa, TB inaambukiza kwa hewa hasa kwenye chumba kilichofungwa, kwa hiyo ule upepo wetu wa Dodoma unaotujaza vumbi hadi kwenye sufuria pale barazani ni msaada mkubwa. Sista wa pale anamwita kila mtu kwa jina, wazee wa Kigogo anawasalimia mbukwa kabla hajashika kadi, na hapigi kelele za "wa TB pita huku" kama nilivyowahi kusikia sehemu nyingine. Siku ya kwanza alikaa na sisi kwa utulivu, akaeleza kwamba miezi miwili ya mwanzo kidonge kimoja kina dawa nne ndani yake alafu miezi minne inayofata zinabaki mbili, akamwambia kabisa mkojo wako utakuwa wa rangi ya chungwa usishtuke ni rifampicin hiyo, moja ya hizo dawa, akampa na vitamini B6 ya kuzuia ganzi ya miguu, alafu akauliza nani nyumbani atasimamia dawa. Mama akasema mimi. Na kweli mama alisimamia, alikuwa anasimama na kikombe cha maji mpaka aone vidonge vimeshuka, hakuna siku ya sikukuu wala ya msiba.

Makohozi yanapimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, mwezi wa tano na mwezi wa sita. Mwezi wa pili hakuna kimelea kilichoonekana, mwezi wa tano hakuna, uzito umepanda, kukohoa kumeisha, jasho la usiku limeisha, kijana anakula ugali kama zamani. Mwezi wa sita sista akampa kikopo kama kawaida na hapo ndo tatizo lilipoanzia, makohozi hayakutoka. Alijaribu na kujaribu yakatoka mate tu, na mate maabara hawapimi. Fikirini hilo jambo vizuri maana mimi limenikaa sana kichwani, mtu aliyepona mapafu hana makohozi, kwa hiyo kadiri anavyopona ndivyo anavyokosa kitu cha kupeleka maabara ili aonyeshe amepona. Kadi ikaandikwa "amemaliza matibabu", akapigwa muhuri, akaambiwa hongera nenda.

Mdogo wangu ni mpishi kwenye hoteli moja hapa mjini. Bosi wake, mama mmoja ambaye kwa haki yake alimtunzia nafasi muda wote ule, akasoma kadi akauliza, sawa amemaliza matibabu, lakini amepona? Swali ni la haki kabisa, simlaumu, ana wafanyakazi wengine na ana wateja. Ingawa niseme na hili, TB haipiti kwenye chakula wala sahani wala kijiko, inapita kwenye hewa, na mtu aliyeanza dawa zinazofanya kazi nguvu yake ya kuambukiza inashuka haraka mno, kawaida wanahesabu kama wiki mbili hivi, sasa huyu alikuwa amemaliza miezi sita. Ila bosi alitaka karatasi. Akamwambia aende hospitali nyingine akapige eksirei na wampime kwa "ile mashine ya kisasa", akatoa na hela mfukoni mwake.

Hiyo hospitali siitaji. Eksirei ikaja na ripoti kwamba juu ya pafu la kulia kuna makovu, na haiwezekani kusema kwamba TB haipo. Alafu wakamvutisha mvuke wa maji ya chumvi akatoa makohozi kidogo, wakayaweka kwenye GeneXpert, ndo ile mashine ya kisasa aliyoisema bosi, majibu yakasema vimelea vya TB vimeonekana kwa kiasi kidogo mno, usugu wa rifampicin haujulikani, yaani haijulikani kama dawa hiyo inashindwa kukiua kimelea. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kutibiwa TB wala ametibiwa lini. Daktari wa pale akamwandikia aanze dozi upya.

Nyumbani ilikuwa kilio. Mama anajiuliza kidonge gani kilimpita, jirani mmoja keshaanza kusema hiyo itakuwa TB sugu atapelekwa Kibong'oto kule Kilimanjaro, na mdogo wangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, ina maana mimi sijapona?" Bosi akasema akae nyumbani kwanza. Yaani mtu mzima, anakimbia, ananyanyua gunia la mchele, karatasi moja imemrudisha kitandani.

Tukarudi kliniki na makaratasi yetu, na hapa ndo walipopata nyota zao zote nne. Sista aliangalia ile ripoti ya GeneXpert, akaangalia kadi, akaenda kumwita dokta, na dokta akakaa na sisi kwenye benchi barazani akaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka, hakukimbia. Alisema GeneXpert inatafuta DNA ya kimelea, na DNA inabaki hata kimelea kikishakufa. Akasema ukikuta maganda ya karanga chini unajua kuna mtu alikula karanga hapa, hujui kama karanga bado zipo. Hiyo mashine ni nzuri ajabu kwa mtu ambaye hajawahi kuugua, na toleo jipya linaloitwa Ultra linaweza kukamata hata vimelea kama 16 kwenye mililita moja ya makohozi, lakini ukali wake huo huo ndo unaomponza aliyemaliza dozi juzi, mabaki yanaweza kuendelea kuonekana miezi mingi na kwa wengine hata miaka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema isitumike kufatilia maendeleo ya matibabu. Na pale majibu yanaposema kiasi kidogo mno, mashine huwa haina DNA ya kutosha kusoma habari ya usugu, kwa hiyo lile neno "haujulikani" lililotunyima usingizi halikuwa na maana ya usugu.

Nikamuuliza, na eksirei? Akasema kovu ni kovu, TB ikila pafu panapona na alama, wengine watatembea na hiyo alama maisha yao yote na kila atakayepiga picha bila kuuliza historia atashtuka. Kovu peke yake halisemi chochote kuhusu kimelea kilicho hai leo. Akashauri picha ile tuitunze vizuri sana, kwamba siku nyingine akipigwa picha daktari apate ya zamani ya kulinganisha, kama hakuna kilichobadilika hiyo ni habari njema, kama kuna kitu kipya hapo ndo pa kuanzia.

Mimi ni mtu wa kuuliza sana kwa hiyo nikaendelea, basi darubini inatosha? Na hapa nampa heshima huyo dokta kwa sababu hakunidanganya ili niondoke nimeridhika. Akasema ili darubini ione kitu inabidi kuwe na vimelea kama 5,000 hadi 10,000 kwenye mililita moja, chini ya hapo mtu wa maabara anaweza kuangalia mpaka macho yaume na asione, na hata akikiona hawezi kujua kama kiko hai au kimekufa. Kipimo kinachotofautisha kilicho hai na kilichokufa ni kuotesha, wanaweka makohozi kwenye chakula cha vimelea wakasubiri, kilicho hai kitaota hata kama vilikuwa vichache, 10 hadi 100 kwa mililita vinatosha, kilichokufa hakioti. Shida ni kwamba kimelea cha TB ni kivivu, bakteria wengine wanagawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, huyu anachukua karibu siku nzima, kwa hiyo kwenye chupa za maji maji maabara inasubiri hadi siku 42 kabla ya kutamka kwamba hakuna kilichoota, na kwenye ile njia ya zamani ya chakula kigumu inafika wiki nane.

Kwa hiyo ukijumlisha, kipimo cha haraka kinaona hadi wafu, cha darubini hakioni wachache, na kinachojua nani yuko hai kinataka uvumilivu wa mwezi na nusu na bado kinataka makohozi ambayo mtu hana. Hakuna kipimo hata kimoja ambacho unaingia asubuhi unatoka jioni na karatasi ya kwamba mwili wako hauna kimelea hata kimoja. Sijui kwa nini hili haliandikwi kwa herufi kubwa ukutani kliniki zote, lingepunguza machozi ya watu wengi.

Tuliporudi nyumbani nilianza kusoma mwenyewe maana sikutaka kubaki na neno la mtu mmoja, na nimekuta mambo ambayo Watanzania tunapaswa kuyajua maana yametokea kwetu. Hii dozi ya miezi sita imetokana na utafiti ulioanza 1970 hapa Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Tanzania pamoja na Zambia, wakishirikiana na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, matokeo ya kwanza yakatoka 1972. Kabla ya hapo mtu alikuwa anameza dawa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Sasa jiulize walijuaje kwamba miezi sita inaponya wakati hizi mashine za DNA hazikuwepo? Walisimamisha dawa wakawafatilia wagonjwa, wakawa wanaotesha makohozi yao mara kwa mara na kuhesabu nani kaumwa tena. Wengi sana hawakurudiwa, na wachache waliorudiwa wengi wao ilikuwa ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuacha dawa. Yaani uthibitisho wenyewe ulikuwa muda, na mpaka leo hakuna aliyepata kitu cha kuzidi hapo.

Na ule utaratibu wa rejista, wa kumwandika kila mgonjwa ameishia wapi, amepona, amemaliza, amefariki, matibabu yameshindwa, ametoroka, umekomazwa hapa hapa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977 na daktari mmoja, Karel Styblo, alifanya kazi na wataalamu wetu kujenga huo mfumo, alafu miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua likauita DOTS ukaenda dunia nzima. Kwa hiyo yule sista anapochora kadi yako kwa kalamu yuko kwenye kazi ambayo nchi nyingine zimejifunza kwetu. Kwenye hiyo rejista, kwa utaratibu uliozoeleka, kuandikwa umepona inatakiwa ulianza ukiwa na vimelea vilivyothibitishwa maabara, na majibu yako ya mwezi wa mwisho yawe safi, na angalau mara moja nyingine kabla ya hapo yawe safi. Ukikosa ile ya mwezi wa mwisho unaandikwa umemaliza matibabu. Mdogo wangu alikuwa ametimiza kila kitu isipokuwa kile kikopo kimoja.

Kliniki wakasema basi tukitafute hicho kikopo kilichokosekana. Sista akamfundisha namna ya kutoa makohozi, asubuhi kabla ya kula chochote, asukutue kwa maji, avute pumzi ndefu azishikilie alafu akohoe kutoka chini ya kifua, sio kwenye koo, na afanyie nje kwenye upepo mbali na watu. Ilibidi arudie asubuhi tofauti tofauti mpaka kitu cha maana kikapatikana. Kikapimwa kwa darubini hakuna kitu, kingine kikasafirishwa kwenda maabara kubwa kuoteshwa. Dozi mpya dokta akakataa isianzwe, akasema kumpa mtu asiye na dalili miezi sita mingine ya dawa zinazochosha ini kwa sababu ya maganda si sawa, tusubiri, na akikohoa au akipungua uzito au homa ikirudi aje siku hiyo hiyo.

Wakati tunasubiri watu hawakukosa ushauri. Kuna maabara moja ndogo mtaani walituambia wana kipimo cha TB cha damu, majibu nusu saa. Jamani hicho mkikutana nacho msitoe hela. Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 lilitoa tamko kabisa dhidi ya hivi vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili za TB, kwamba vinakosea pande zote mbili, anayeumwa anaambiwa mzima na mzima anaambiwa mgonjwa. Hata kile cha sindano ya ngozi ya mkononi hakisaidii kwa aliyetibiwa, kinaonyesha mwili umewahi kukutana na TB na mara nyingi kitaendelea kusema ndiyo hata miaka 20 ijayo. Hicho cha ngozi kina historia yake pia, dawa wanayochoma imetokana na tuberculin ya Robert Koch, yule yule aliyetangaza kimelea cha TB Machi 24, 1882. Mwaka 1890 alitangaza Berlin kwamba amepata kitu cha kuzuia TB, wagonjwa wakamiminika kutoka kila upande, baadaye ikaonekana haiponyi. Mtu aliyemjua huyo kimelea kuliko wote duniani aliamini ameponya kabla ya kusubiri kuona.

Na sisi tunakumbuka 2011 kule Samunge, Loliondo, foleni ya magari kilometa na kilometa kwa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu cha shilingi 500. Watu walirudi wanasema nimepona na walikuwa wakweli, walijisikia vizuri. Ila kujisikia vizuri sio ushahidi, wapo walioacha dawa zao wakazidiwa. TB ndo inadanganya zaidi hapo, wiki chache za dozi kikohozi kinapungua, nguvu zinarudi, mtu anaona kwa nini niendelee kumeza, na vimelea vilivyobaki vinasubiri. Mama yangu na kikombe chake cha maji alifanya kazi kubwa kuliko mashine zote nilizozitaja.

Niongezee kidogo kwa wenye magonjwa mengine maana nimegundua shida ni ile ile. Malaria, ukimaliza dawa mseto ukapima tena kwa kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuonyesha bado unayo kwa wiki kadhaa kwa sababu kinatafuta protini ya kimelea na hiyo inachelewa kuisha kwenye damu, kama bado unaumwa omba darubini. Kaswende, kuna kipimo cha damu ambacho kikishasema ndiyo kwa watu wengi kinabaki ndiyo maisha yote hata ukipona, kinachofatiliwa ni kile kingine cha RPR ambacho namba zake zinatakiwa zishuke mara nne. Na vidonda vya tumbo vinavyoletwa na bakteria wa H. pylori, hivi vipimo vya damu vya mtaani vinasoma kingamwili ambazo zinakaa muda mrefu, anayetaka kujua kama kimeondoka apime choo, au pumzi kama itapatikana, angalau wiki nne baada ya antibayotiki na wiki mbili baada ya kuacha omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Kuna watu Dodoma wamekunywa zile dawa mara tatu kwa sababu tu kila wakipima damu inasema ndiyo.

Sasa nyota niliyokata. Kwanza, majibu ya kuotesha yalichelewa kuliko tulivyoambiwa na hakuna aliyetupigia simu, namba yetu wanayo, ni mimi niliyekuwa naenda kuulizia mpaka siku moja nikaambiwa kumbe yameshakuja yako kwenye faili. Kijana alikuwa nyumbani bila mshahara muda wote huo, siku kwao ni siku tu kwetu ni kodi ya chumba. Pili, hakuna aliyemweleza tofauti ya kuandikwa amemaliza na kuandikwa amepona siku anapokabidhiwa kadi, na wala hakuambiwa kwamba GeneXpert inaweza kumsema vibaya kwa muda mrefu. Sentensi mbili tu zingetosha, tusingefika kule kwingine. Tatu, kile kikopo cha mwezi wa sita wakitoe mapema mwanzoni mwa mwezi, sio wiki ya mwisho, ili mtu akikosa makohozi awe na muda wa kujaribu tena. Hili nilimwambia sista, akaniambia dada umesema kweli, na akaandika pembeni kwenye daftari lake.

Majibu yalisema hakuna kilichoota. Dokta akaandika barua kwa bosi na nataka niwaambie ilivyoandikwa kwa sababu ndo barua ya kuomba na nyie. Haikusema yuko salama asilimia mia. Ilisema alianza matibabu akiwa na vimelea vilivyothibitishwa, amemaliza dozi yote chini ya usimamizi, makohozi ya mwezi wa pili na wa tano yalikuwa safi, ya baada ya matibabu yako safi kwa darubini na kwa kuotesha, hana dalili, kovu la kwenye picha ni la ugonjwa uliopita, majibu ya GeneXpert baada ya matibabu hayatumiki kuamua, hana sababu ya kuzuiwa kazi. Mwisho ikasema akipata kikohozi cha wiki mbili au zaidi arudi kupima. Bosi mwanzoni alisita kwenye huo mstari wa mwisho, akasema mbona wanaacha mlango wazi? Nikamwambia mama, anayekuandikia kwamba haiwezi kurudi kabisa huyo ndo wa kumuogopa, huyu amekwambia anachokijua. Akaisoma tena, akaikunja akaiweka kwenye faili lake, akamwambia njoo Jumatatu.

Kijana yuko jikoni sasa hivi. Anarudi kliniki wakimwita, na mwaka wa kwanza anaangalia uzito wake kila mwezi kwenye mzani wa duka la dawa pale karibu na nyumbani.

Ukienda, beba kadi ya TB ya zamani hata kama imechanika, picha zote za eksirei na sio ripoti tu, na popote utakapopimwa sema wewe mwenyewe kabla hujaulizwa kwamba umewahi kutibiwa TB na ulimaliza mwezi gani mwaka gani. Wanapokea kuanzia saa mbili asubuhi, makohozi wanapenda yafike kabla ya saa nne, na kama huna mtu wa kukusimamia dawa nyumbani waambie wanakutafutia mhudumu wa afya wa mtaani kwako.